Mchezaji na Mwenye Meza: Filamu ya The Hustler Isomwapo Kutoka Thika na Ruiru

Katika hadithi zetu, mcheza kamari ni mhusika anayehukumiwa kabla hajasikilizwa. Huingizwa kisani ili apotee: atauza ng'ombe, kisha atauza shamba, mkewe atarudi kwao, na methali ya tamaa mbele mauti nyuma itakuwa ikimngoja penye ukurasa wa mwisho. Hukumu hiyo si ya uongo. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imeficha nusu ya mchezo, nayo ni nusu ya yule asiyeshika karata wala fimbo lakini ndiye mwenye meza. Ili tumwone mtu huyo, tutaichambua filamu ya Kimarekani ya mwaka 1961, The Hustler, iliyoongozwa na Robert Rossen, na tutaichambua tukiwa tumesimama Thika na Ruiru, miji ambayo ardhi yake, kahawa yake na mishahara yake vimewahi vyote kuwekwa mezani na watu wasiokuwa wenyewe.

Huenda msomaji akauliza uhusiano uko wapi. Riwaya ya Walter Tevis iliyozaa filamu hiyo ilichapishwa mwaka 1959. Mwaka uo huo ilichapishwa pia The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za Elspeth Huxley juu ya utoto wake katika shamba la walowezi karibu na Thika, ambazo nazo ziligeuzwa kuwa mfululizo wa televisheni nchini Uingereza mwaka 1981. Ni sadfa ya kalenda tu. Lakini mhakiki hana budi kuiokota, kwa kuwa filamu ya Rossen na kitabu cha Huxley zinatupeleka mapema kabisa mahali pamoja, yaani kwenye baa, na kwenye biashara ya aina moja: mtu anauziwa tumaini.

Tuanze na baa ya filamu. Eddie Felson, aliyeigizwa na Paul Newman, na mwenzake Charlie wanaingia humo wakijifanya wasafiri wa biashara. Eddie anakunywa, anacheka ovyo, anapiga pigo gumu la biliadi na kufaulu. Watazamaji wanasema ni bahati. Anabisha, anaweka dau kwamba atalirudia, anakosa. Anataka kupandisha dau. Charlie anakataa kushindana naye, akidai kwamba mwenzake amelewa. Mwenye baa, ambaye ameshuhudia yote, anaona fedha za bure na kuingia. Eddie anapiga, mpira unatumbukia, fedha zinachukuliwa.

Mkazi wa Thika hahitaji kufafanuliwa tukio hilo. Penye vituo vya mabasi na pembezoni mwa masoko ya miji ya Kenya, mchezo wa pata potea umefuata msuko huohuo kwa miongo mingi: karata tatu juu ya boksi, mikono yenye kasi, na ndani ya umati washirika wawili watatu wanaojifanya wapita njia, wanaoshinda kwa kelele ili mgeni aliyetoka kupokea mshahara aone kwamba kushinda kunawezekana. Jina lenyewe ni uhakiki uliokamilika. Wanaosimulia mchezo huo, wawe wahubiri au wazazi, huishia kwa mgeni aliyepotezwa na ushamba wake. The Hustler inakwenda mbele zaidi: inamfuata mjanja mwenyewe mpaka anapotambua kwamba naye ni mgeni katika mchezo wa mtu mwingine.

Utambuzi huo unaanza katika ukumbi wa Ames jijini New York, Eddie anapopambana na bingwa Minnesota Fats (Jackie Gleason). Hili ni mojawapo ya matukio marefu na yaliyosanifiwa vizuri kabisa katika sinema ya miaka ile, na tuzo ya Oscar aliyopewa mpigapicha wake, Eugen Schüfftan, ilistahili. Eddie anatangulia kwa dola 18,000. Charlie anamsihi waondoke. Yeye anakataa; hatatosheka na fedha, anataka Fats atamke kwa kinywa chake kwamba amekwisha. Fats, kwa upande wake, anakwenda kunawa, anajipaka poda mikononi, anarudi akiwa nadhifu kama aliyeamka sasa hivi. Baada ya zaidi ya siku nzima ya mchezo Eddie amelewa na amebaki na dola 200. Na kando ya meza ameketi mtu mwenye miwani anayekunywa maziwa.

Mtu huyo ni Bert Gordon, aliyeigizwa na George C. Scott. Bert hachezi. Yeye hutoa mtaji na kutathmini watu kama dalali anavyotathmini mifugo. Anamwambia Eddie kwamba kipaji anacho, ila ni mtu wa kushindwa kwa asili yake. Hapa inafaa tuilinganishe falsafa yake na methali yetu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika methali, kushindwa ni tukio ndani ya mashindano. Mshinde wa leo anabaki mshindani, tena heshima yake inatokana na jinsi anavyolipokea tukio hilo. Bert anakugeuza kushindwa kuwa aina ya mtu. Akishafaulu kumwaminisha mchezaji hivyo, mchezaji atamhitaji yeye ili aitwe mshindi. Mkataba unafuata bila shida: asilimia 75 ya mapato kwa Bert, 25 kwa Eddie. Mwanzoni Eddie anaukataa. Anaukubali baada ya kuvunjwa vidole gumba na watu waliogundua ujanja wake katika baa nyingine, yaani anapokuwa hana kingine cha kuweka rehani isipokuwa mwili wake.

Uwiano huo wa 75 kwa 25 ndio kiini cha kazi yote, na inashangaza jinsi wahakiki wengi walivyoupita haraka ili wafike kwenye dhamira ya tabia na nidhamu ya moyo. Rossen hakuupita. Alikuwa mwanachama wa zamani wa chama cha Kikomunisti. Katika Body and Soul ya mwaka 1947 alikwisha kusimulia habari za bondia anayekataa kupoteza pambano kwa amri ya wenye fedha. Mwaka 1951 alikataa kuwataja wenzake mbele ya kamati ya bunge la Marekani, akafungiwa kazi. Mwaka 1953 alirudi na kutaja zaidi ya watu 50. Kwa hiyo anayetuonyesha Eddie akitia saini ya moyoni na Bert ni mtu aliyejua bei ya kuruhusiwa kurudi mezani. Hatulazimiki kuisoma filamu kama ungamo lake, ila ni vigumu kuisoma kana kwamba historia hiyo haikuwepo.

Sasa tuirudie Thika. Huxley anasimulia kwamba shamba la familia yake, ekari 500, lilinunuliwa na baba yake ndani ya baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa bwana mmoja aliyevaa tai ya shule ya Eton, kwa bei iliyokuwa kubwa mno kwa wakati ule. Baba huyo, ambaye kitabuni anaitwa Robin, ni mtu wa mipango mikubwa na mahesabu yanayopendeza kwenye karatasi. Alinunua kahawa ambayo ilikuwa haijapandwa, na mto, na siku za usoni. Kwa istilahi za The Hustler, Robin ndiye mwenye baa na mwenye tai ndiye Eddie. Huxley anaieleza biashara hiyo kwa mzaha wa upole unaokipa kitabu chake haiba, na hatuna sababu ya kuikana haiba hiyo.

Lakini mzaha huo unawezekana kwa sharti moja tu: kwamba mezani kuna watu wawili. Msomaji wa Kiafrika anahesabu watatu. Sheria ya Ardhi za Kifalme ya mwaka 1902, na iliyoirithi mwaka 1915 kwa kuruhusu ukodishaji wa miaka 999, ndizo zilizoiwezesha ardhi ya watu kuuzwa kwenye baa. Dau lililowekwa Norfolk lilikuwa mali ya mtu asiyekuwepo chumbani. Tangu hapo mtu huyo wa tatu aliendelea kuchangia mtaji wa mchezo asioucheza: alitozwa kodi, akavishwa kipande shingoni kuanzia miaka ya 1919 na 1920, na mwaka 1921, bei za mazao zilipowaendea vibaya walowezi, wao waliazimia kumpunguzia mshahara kwa thuluthi moja. Angalia jinsi hasara inavyogawanywa hapo. Mlowezi alicheza, soko likamshinda, aliyelipa ni mchumaji.

Na kahawa yenyewe, ile iliyoleta reli ya tawi mpaka Thika mwaka 1913, Mgĩkũyũ aliruhusiwa kuipalilia na kuichuma, asiruhusiwe kuipanda kwake. Zuio hilo lililegezwa kwanza kwingineko, kama Meru, Embu na Kisii, katika miaka ya 1930. Katika nchi ya Wagĩkũyũ kilimo cha kahawa cha Waafrika kilienea katika miaka ya 1950, chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati ambapo watu walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya Hali ya Hatari. Yaani alifunguliwa meza akiwa amezungushiwa seng'enge. Mhakiki atakayesema kwamba kamari ni tabia iliyoingia kwetu na vijana wa kisasa wasioheshimu jasho, na aitazame kwanza historia hii ya jasho.

Baada ya uhuru walowezi wengi waliuza. Mashamba makubwa ya Ruiru na Thika yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi waliochanga hisa, na hapo Ruiru ilitoa sura ya kamari ambayo fasihi yetu haijaitendea haki. Mwanahisa, mara nyingi mama mjane au mfanyakazi wa shambani, aliuza mbuzi akanunua hisa, akangoja miaka, hatimaye akaitwa kwenye uwanja kupiga kura ya viwanja. Aliingiza mkono, akatoa kikaratasi chenye nambari. Nambari hiyo iliweza kuwa kiwanja kando ya barabara, au mteremko wa mawe, au, kwa wengi wasio na bahati, kiwanja ambacho mtu mwingine alikuwa na kikaratasi chake pia. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza kampuni za kununua ardhi zivunjwe na wanachama wapewe hati zao, jambo ambalo katika baadhi ya kesi limeendelea kuzozaniwa mahakamani kwa miongo. Tunasisitiza: mama yule hakuwa mcheza kamari. Alikuwa mwekezaji mwenye busara, mwenye uvumilivu kuliko Eddie mara mia. Aliyeifanya nambari yake kuwa kamari ni aliyeshika kofia ya vikaratasi, ambaye, kama Bert, aliujua mpangilio wa meza kabla mchezo haujaanza.

Wala mkulima wa kahawa hakuwa mcheza kamari. Baridi kali iliyoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilimletea neema kubwa ya bei mwaka 1976 na 1977 bila yeye kufanya lolote; kuvunjika kwa mfumo wa migao ya kimataifa mwaka 1989 kulimwondolea neema hiyo, naye vilevile hakuwa amefanya lolote. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilikuwa kimetoa mbegu yake mashuhuri, Ruiru 11, mwaka 1985. Mbegu hiyo iliuvumilia ugonjwa wa chulebuni. Soko halina dawa ya kunyunyizia. Mikahawa mingi imeng'olewa, na tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ghorofa za kupangisha zimesimama palipokuwa na miraba ya kahawa.

Katika miaka ya 1990, viwanda vya nguo vilipodhoofishwa na mitumba baada ya soko kufunguliwa, biliadi ndogo ya sarafu ilienea katika baa za miji yetu. Juu ya meza hizo vijana wa Makongeni waliwekeana madau madogo, mara nyingi soda au bia. Tusiikuze kamari hiyo kupita kiasi. Ilikuwa kamari ya uso kwa uso, aliyeshindwa alijulikana, na aliyeshinda alilazimika kuishi naye mtaa mmoja.

Hapa ndipo swali la ukombozi linapotubana. Filamu inamkomboa Eddie kwa namna gani? Katikati ya msuko yupo Sarah Packard, aliyeigizwa na Piper Laurie, mwanamke anayechechemea, anayekunywa, anayejaribu kuandika. Yeye pekee ndiye anayemwambia Eddie kwamba thamani yake haitegemei kushinda. Bert anamwona kama mpinzani anayemgombea mali yake. Huko Louisville, wakati wa msimu wa mbio za farasi, Bert anamdhalilisha, naye anajiua. Ndipo Eddie anarudi Ames, anamshinda Fats, na anakataa kumpa Bert sehemu yake.

Wasifu mwingi wa filamu umesimama kwenye ushindi huo wa kimaadili. Sisi tunauona una doa. Ukombozi wa Eddie umelipiwa kwa uhai usiokuwa wake; mwanamke amekuwa mtaji wa mwisho uliowekwa mezani, na mchezaji ndiye aliyevuna faida ya roho. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, Rosa naye anajiua, na uhakiki wetu umezoea kuuliza ni nani aliyemlea hivyo. Swali la malezi ni halali, kwani mwandishi mwenyewe analichochea kupitia ukali wa Zakaria. The Hustler inatufundisha kuongeza swali la pili: ni nani aliyenufaika? Likiulizwa hilo, hata Eddie hatoki mikono mitupu, na sifa ya Rossen ni kwamba uso wa Newman katika tukio la mwisho unaonyesha kuwa analijua.

Pamoja na doa hilo, kitendo cha mwisho cha Eddie kina uzito ambao hadithi zetu za toba hazina. Mcheza kamari wa kwetu huokoka kwa kuacha mchezo. Eddie anaokoka kwa kukataa kulipa gawio. Anamtazama Bert, vibarua wa Bert wanasimama tayari, naye anasema hatoi. Bert anampima kwa mara ya mwisho, anamwacha aende, na kumpiga marufuku kuingia tena katika ukumbi wowote wa mchezo mkubwa. Bei ya uhuru ni ile kazi pekee anayoijua. Hakuna muziki wa furaha hapo.

Swali la mtu anayeisoma filamu hii Thika leo ni kama kitendo hicho bado kinawezekana. Sheria ya Kamari ya mwaka 1966 iliyotawala mambo haya Kenya kwa zaidi ya nusu karne iliandikwa kwa ajili ya kumbi, tiketi na mashine, vitu vyenye mlango na kufuli. M-Pesa ilianza mwaka 2007. SportPesa ilianza kuchezesha kamari za michezo mwaka 2014. Kuanzia hapo meza ikaingia mfukoni. Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kucheza. Mwaka huohuo mtu mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221. Ushindi wake ulikuwa wa kweli, fedha alilipwa. Hata hivyo picha ya mshindi wa namna hiyo, ikitundikwa kando ya barabara, hufanya kazi ileile ya mshirika wa pata potea anayeshangilia katika umati.

Serikali nayo ilisimama pande zote mbili za meza. Mwaka 2018 mashine za kamari za vibandani zilisakwa na kuteketezwa, kwa kuwa mbao na sarafu huungua vizuri mbele ya kamera. Mwaka 2019 kampuni 27 zilinyimwa upya wa leseni. Lakini kodi ya mapato ya kamari ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018 na kushushwa hadi 15 ndani ya mwaka huohuo, na katika majadiliano hayo hoja iliyosikika zaidi ilikuwa ya mgawo: nani achukue kiasi gani. Bert Gordon angejiona yuko nyumbani.

Kijana aliyeketi usiku katika chumba cha kupanga Ruiru, akisubiri matokeo ya mechi ya Ulaya, hana Bert wa kumtazama machoni. Gawio la mwenye meza limekwisha kukatwa ndani ya hesabu za dau kabla mpira haujapigwa. Kodi imekwisha kukatwa ndani ya gawio. Akishinda hana wa kumnyima, akishindwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake, na hadithi za maadili zipo tayari kumsaidia katika lawama hiyo. Kwa mtazamo wetu hili ndilo pengo la fasihi yetu mbele ya jambo hili. Mchezaji tunaye, tumemchora mara nyingi, na tumemchapa viboko vya kutosha. Mwenye meza hatujampa hata jina.

Na yupo mhusika mwingine ambaye hata wahakiki wa filamu humsahau. Eddie anapotoka Ames kwa mara ya mwisho, yeye na Minnesota Fats wanasifiana kama mafundi wawili wanaoheshimiana. Kisha Eddie anaondoka na Fats anabaki. Ni bingwa, mikono yake ni safi, koti lake limenyooka. Naye pia ni wa Bert, na kesho atakapoingia kijana mwingine kutoka mji mdogo, atasimama, atachukua fimbo yake, na mtu mwenye maziwa atakuwa ameketi palepale.